DUKA LAKO KATIKA INTANETI: CHAGUA KWA HESABU, SI KWA MANENO MATAMU



Siku hizi si jambo geni kumwona kijana akipita katika skimu, simu mkononi, akimwambia kila mwenye shamba: "Mzee, mimi nitakufungulia duka katika intaneti, nawe utauza asali yako mpaka Nairobi na Mombasa." Wakulima wengine hukubali mara moja. Hulipa fedha, hupigwa picha wakisimama karibu na mizinga yao, na baada ya miezi mitatu hawajauza hata chupa moja, lakini ada ya kila mwezi bado inadaiwa. Wengine nao hukataa kabisa, wakisema kwamba mambo hayo ni ya watu wa mjini.

Wote wawili wamekosea. Wa kwanza amenunua ng'ombe bila kumtazama kiwele. Wa pili amekataa ng'ombe mzuri kwa sababu jirani yake aliuziwa mgonjwa.

Kuuza kwa njia ya intaneti ni kazi kama kazi nyingine za shamba. Ina faida yake na ina hasara yake, na mtu anayeijua kabla ya kuianza hupata zaidi kuliko mtu anayeisikia kwa wenzake. Katika makala hii tutakueleza aina za maduka hayo, maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua, na hesabu ambayo yakupasa uifanye wewe mwenyewe kwa kalamu na karatasi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

JUKWAA NI NINI?

Duka la kawaida twalijua sote. Lina rafu ambapo vitu hupangwa, bei zimeandikwa, mtu wa kuuza yuko nyuma ya meza, na kuna sanduku la kuwekea fedha. Duka la intaneti lina mambo yale yale. Rafu ni picha za mazao yako. Bei huandikwa chini ya picha. Mnunuzi huagiza kwa kubonyeza simu yake, hulipa kwa M-Pesa au kwa kadi ya benki, kisha wewe humpelekea mzigo.

Ile programu inayoyashika mambo haya yote pamoja ndiyo huitwa jukwaa. Majukwaa ni mengi, lakini kwa mkulima yamegawanyika katika mafungu matatu. Ukiyajua mafungu haya hutababaishwa na majina mapya.

Fungu la kwanza ni simu yako mwenyewe. WhatsApp Business ni programu iliyotolewa mwaka 2018. Ndani yake waweza kuweka orodha ya bidhaa zako, kila moja na picha yake na bei yake. Haina ada ya kila mwezi. Ukurasa wa Facebook hufanya kazi karibu na hiyo. Mnunuzi hukuandikia, nawe humjibu, mnakubaliana, analipa, unapeleka.

Fungu la pili ni soko la watu wengi. Hapa mwenye jukwaa amekwisha kujenga soko kubwa, na wauzaji wengi hupewa nafasi ndani yake. Kilimall ilianza hapa Kenya mwaka 2014. Jumia ilianzishwa Nigeria mwaka 2012 na sasa inauza katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Masoko ya namna hii humkata muuzaji asilimia fulani katika kila kitu anachouza, na asilimia hiyo haiwi sawa kwa bidhaa zote. Jiji ni tofauti kidogo: ni mahali pa kuweka tangazo, halafu muuzaji na mnunuzi hutafutana wenyewe na kulipana wenyewe.

Fungu la tatu ni duka lako mwenyewe, lenye jina lako na anwani yako katika intaneti. Kuna njia mbili kubwa. Shopify, kampuni ya Kanada, hukukodisha duka lililo tayari, nawe hulipa ada kila mwezi kwa dola. WooCommerce ni programu isiyouzwa, inayoongezwa juu ya WordPress. Hulipi ada ya programu, lakini lazima ulipe kampuni inayotunza tovuti yako, ulipe jina la tovuti kila mwaka, na pengine umlipe fundi kila inapoharibika. Mtu asidhani kwamba kitu kisicho na bei hakina gharama. Ndama wa kupewa naye hula majani.

MASWALI SITA YA KUJIULIZA

Usianze kwa kuuliza, "Jukwaa gani ni zuri?" Swali hilo halina jibu, kama vile hakuna mbegu moja ya mahindi inayofaa Kitale na Makueni pamoja. Anza kwa kujiuliza maswali haya.

1. Ninauza kitu gani? Kitu kinachokaa bila kuoza, ambacho ni chepesi na bei yake ni kubwa, ndicho kinachofaa kuuzwa mbali. Asali, kahawa iliyokaangwa, njugu, majani chai, mboga zilizokaushwa na vikapu vya mkono vyafaa. Kabeji haifai kusafirishwa moja moja kwa mtu asiyejulikana aliye mbali, kwa maana nauli yake itazidi bei yake. Mayai, maziwa na nyanya yafaa yauzwe kwa watu wa karibu ambao unaweza kuwafikia siku ile ile. Kwa mazao hayo WhatsApp na wateja thelathini wa mji wa jirani ni bora kuliko duka kubwa linaloonekana dunia nzima.

2. Wanunuzi wangu wako wapi sasa? Duka la intaneti haliko kando ya barabara. Mtu halipiti kwa bahati akienda kuchota maji. Ukifungua duka lako mwenyewe, hakuna atakayelijua mpaka uwaambie watu, au ulipie matangazo. Soko la watu wengi lina faida hapa, kwa kuwa wanunuzi wamo ndani tayari. Lakini humo humo wamo wauzaji wengine wa asali, na mnunuzi atatazama bei yako na bei yao pamoja, kama sokoni siku ya soko.

3. Malipo yatanifikiaje, na baada ya siku ngapi? M-Pesa ilianza hapa kwetu Machi 2007, na leo wanunuzi wengi wa Kenya hawataki njia nyingine. Jukwaa lisilopokea M-Pesa vizuri ni mlango usio na kitasa. Shopify ina njia yake yenyewe ya kupokea malipo, lakini njia hiyo haitolewi kwa wauzaji wa Kenya. Kwa hiyo huna budi kuunganisha kampuni nyingine ya malipo, kama vile Pesapal, ambayo hutoza ada yake, na Shopify nayo huongeza asilimia yake juu kwa kuwa hukutumia njia yao. Jambo hili wakulima wengi hulijua baada ya kulipa. Katika masoko ya watu wengi, fedha hazikufikii mara moja. Hukaa kwa mwenye soko mpaka siku ya kulipa wauzaji. Uliza siku hiyo ni lini. Kama karo ya mtoto yalipwa tarehe 5 na soko hulipa tarehe 20, hilo ni jambo la kulijua mapema.

4. Mzigo utasafiri vipi? Masoko mengine makubwa yana magari na vituo vyao, lakini yakutaka ufikishe mzigo kwenye kituo chao. Je, kituo kiko umbali gani kutoka skimu yako? Katika fungu la kwanza na la tatu, kupeleka ni kazi yako wewe. Wakulima wengi hutumia ofisi za vifurushi za mabasi na matatu. Njia hiyo ni nzuri, lakini andika namba ya gari, chukua risiti, na umjulishe mnunuzi saa ya kufika.

5. Nani atakayejibu? Mnunuzi akiuliza saa mbili asubuhi na kujibiwa saa mbili usiku, amekwisha kununua kwa mwingine. Kama wewe uko shambani mchana kutwa na mtandao hauko bondeni, kubaliana na mtu wa nyumbani: mama watoto, binti aliyemaliza shule, au mjukuu. Mpe kazi hiyo kwa haki na umlipe kidogo. Usimwachie mtoto simu na kumlaumu baadaye.

6. Nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini? Swali hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na tutalirudia mbele.

TUFANYE HESABU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua kalamu. Hesabu hii ni ya mfano tu. Wewe utaweka bei za kwako, ukiziuliza kwa wenye majukwaa wenyewe.

Tuseme una mizinga, na unapata chupa za asali za nusu kilo. Mchuuzi anayekuja na pikipiki hukulipa Sh. 400 kwa chupa. Katika intaneti waweza kuuza kwa Sh. 600, mnunuzi akijilipia usafiri. Tofauti ni Sh. 200. Lakini yule mchuuzi hakutaka kibandiko wala boksi, na mnunuzi wa mbali anavitaka. Tuseme kibandiko, boksi na bando la simu ni Sh. 60 kwa kila chupa. Imebaki Sh. 140. Hiyo ndiyo faida yako zaidi ya mchuuzi, kabla ya kulipa jukwaa.

Sasa tutazame majukwaa mawili. La kwanza ni soko linalokata asilimia 15. Katika Sh. 600 hiyo ni Sh. 90, kwa hiyo unabaki na Sh. 50 kwa chupa. La pili ni duka lako mwenyewe ambalo gharama zake zote kwa mwezi ni Sh. 4,000, uuze usiuze.

Ukiuza chupa 10 kwa mwezi: sokoni umepata Sh. 500 zaidi ya mchuuzi. Katika duka lako umepata Sh. 1,400, ukatoa Sh. 4,000, basi umepoteza Sh. 2,600. Afadhali ungemwuzia mchuuzi na kukaa kivulini.

Ukiuza chupa 29: duka lako limeingiza Sh. 4,060. Umelipa ada na umebaki na Sh. 60. Yaani, mpaka chupa ya 28 hujapata hata senti moja zaidi ya jirani aliyeuza barabarani.

Ukiuza chupa 45: sokoni umepata Sh. 2,250, katika duka lako Sh. 2,300. Hapa ndipo njia mbili zinapokutana.

Ukiuza chupa 100: sokoni umepata Sh. 5,000, katika duka lako Sh. 10,000.

Umeona? Asilimia ni rafiki wa anayeanza, kwa sababu usipouza hulipi. Ada isiyobadilika ni rafiki wa anayeuza sana, kwa sababu haiongezeki mauzo yanapoongezeka. Kijana anayekuja kukuuzia duka hatakuambia maneno haya. Atakuambia habari za chupa 100 tu.

Na WhatsApp je? Haina asilimia wala ada ya mwezi, kwa hiyo chupa 10 zakupa Sh. 1,400 kamili. Gharama yake ni muda wako. Kujibu watu kumi ni kazi ndogo. Kujibu watu mia, kuandika anwani zao, kukumbuka nani amelipa na nani bado, ni kazi ya siku nzima, na makosa huanza hapo. Siku daftari lako linapokushinda, ndiyo siku ya kufikiri juu ya duka kamili.

JINA LA DUKA NI KAMA CHETI CHA SHAMBA

Wakulima wa skimu hawahitaji kufundishwa maana ya cheti. Tangu Skimu ya Ekari Milioni Moja ilipoanza mwaka 1962, watu wamejua kwamba kulima ardhi ni jambo moja, na jina lako kuandikwa katika rejista ni jambo jingine. Mtu aweza kupanda miti miaka ishirini, kisha akaonyeshwa karatasi yenye jina la mwingine.

Katika intaneti ni vivyo hivyo. Ukijenga duka lako mwenyewe utahitaji jina la tovuti. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, na huandikishwa kupitia mawakala walioruhusiwa. Jina hulipiwa kila mwaka; usipolipa, mtu mwingine aweza kulichukua. Sasa sikiliza vizuri: fundi anayekujengea duka asiandikishe jina hilo kwa jina lake yeye. Liandikwe kwa jina lako, kwa namba yako ya simu na barua pepe yako. Fundi akihama, au mkikosana, au akitaka umwongezee fedha, duka libaki kwako. Akikuambia, "Usijali, mzee, mimi nitalitunza," mjibu kwa upole kwamba shamba lako pia hulitunza wewe.

Katika masoko ya watu wengi huna cheti. Wewe ni mpangaji. Si vibaya kuwa mpangaji, ila mpangaji mwenye akili hajengi nyumba ya mawe katika kiwanja cha mwenyewe. Kampuni hizi nazo hufunga na kubadilika. Mwaka 2019 matangazo ya OLX katika Kenya yalichukuliwa na Jiji. Mwaka huo huo Jumia ilifunga kazi yake Tanzania. Mwisho wa mwaka 2023 Jumia ilifunga huduma yake ya kupeleka vyakula, hapa Kenya na kwingineko. Mei 2024 kampuni ya Copia, iliyokuwa ikiwauzia watu wa vijijini bidhaa kwa njia ya mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi kwa kukosa fedha. Na tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook na WhatsApp zilizimika karibu saa sita dunia nzima, na muuzaji aliyekuwa na hizo tu hakuwa na duka siku hiyo.

Hatusemi haya ili uogope. Twasema ili uweke akiba. Akiba yenyewe ni daftari la wateja. Kila anayenunua kwako, mwombe ruhusa uandike jina lake, namba yake na kitu alichonunua. Jukwaa likifungwa, daftari hilo litakufungulia duka jingine siku ya pili. Lakini daftari hilo lilinde. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yakataza kutumia habari za watu ovyo. Usimpe mtu mwingine namba za wateja wako, wala usiziuze.

JIHADHARI NA WADANGANYIFU

Kwanza, usitoe mzigo kwa sababu umeonyeshwa ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe waweza kuandikwa na mdanganyifu yeyote. Tazama salio lako mwenyewe, ndipo upakie.

Pili, usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema anatoka kwa mwenye jukwaa. Mwenye jukwaa wa kweli hana haja nayo.

Tatu, mnunuzi anayesema amekutumia fedha nyingi kwa makosa na kukutaka umrudishie haraka, usimrudishie wewe. Mwambie awasiliane na kampuni yake ya simu, ndiyo itakayotazama ukweli.

Nne, biashara na nyumba zitenganishwe. Pata namba ya till ya kupokea malipo ya duka, ili fedha za asali zisichanganyike na za michango na za kuwatumia jamaa. Mwisho wa mwezi utajua duka linakula au linaliwa.

Wewe nawe usiwe mdanganyifu. Picha iwe ya asali yako, si ya kitabu. Kilo iwe kilo. Sheria yetu imekwisha kuweka gunia la viazi lisizidi kilo 50, kwa sababu ya hasara iliyowapata wakulima kwa magunia ya kuongezwa kichwa. Basi mkulima anayelia juu ya mizani ya mchuuzi asimpunje mnunuzi wake. Katika intaneti mtu aliyepunjwa huandika malalamiko yake chini ya picha yako, na kila anayekuja huyasoma.

SHERIA CHACHE ZA KUKUMBUKA

Chakula kilichofungwa na kuuzwa katika pakiti chahitaji alama ya ubora ya KEBS. Uliza gharama za wafanyabiashara wadogo, maana si zile za viwanda vikubwa. Maziwa yana Bodi ya Maziwa. Mbegu za kupanda, hata za viazi, haziuzwi na kila mtu. Ni lazima uwe na ruhusa, na KEPHIS ndio wanaokagua. Ushuru nao haujui kama uliuza barabarani au katika simu: weka hesabu zako, na uulize ofisi ya KRA ni kodi gani yakuhusu. Bwana Shamba wa wadi yako, au Mama Shamba, aweza kukuonyesha njia ya kuzifikia ofisi hizo.

MSIFUNGUE MADUKA AROBAINI

Miaka ya skimu za kwanza, wakulima waliunda vyama vya ushirika ili kuuza maziwa na pareto. Sababu ilikuwa wazi: gari moja lenye madebe ya watu arobaini ni rahisi kuliko watu arobaini kila mmoja na baiskeli yake. Sababu hiyo haijafa.

Rudi katika hesabu yetu. Mkulima mmoja mwenye chupa 10 alipoteza Sh. 2,600 katika duka lake. Wakulima kumi wenye chupa 10 kila mmoja wana chupa 100, na duka moja lenye ada ile ile ya Sh. 4,000 likawaletea Sh. 10,000. Kila mmoja amepata Sh. 1,000 zaidi ya bei ya mchuuzi. Ada haikupungua. Waliolipa ndio walioongezeka.

Lakini chama chataka utaratibu. Chagueni mtu wa kujibu simu na mtu mwingine wa kushika fedha. Wasiwe mtu mmoja. Till iwe ya chama, si ya mwenyekiti. Jina la tovuti liwe la chama. Asali ya kila mmoja ipimwe na kutiwa namba yake, ili chupa mbaya ijulikane ilikotoka na isiharibu jina la wote. Na kila mwezi hesabu isomwe mbele ya watu.

NIANZE WAPI?

Kama hujawahi kuuza katika intaneti, shauri letu ni hili.

Miezi mitatu ya kwanza, tumia WhatsApp Business peke yake. Piga picha mchana, nje, mahali safi. Andika bei, uzito, na mahali ulipo. Andika katika daftari kila chupa iliyouzwa na kila shilingi iliyotumika.

Ukiona maagizo yanakuja, jaribu soko moja la watu wengi. Moja tu. Soma masharti yake yote kabla ya kukubali: asilimia, siku ya kulipwa, kituo cha mizigo, na nani anayebeba hasara mzigo ukirudishwa au ukivunjika. Usichokielewa, muulize mtu anayeelewa. Kuuliza si ujinga.

Daftari lako likionyesha kwamba asilimia unayokatwa kwa mwezi imezidi ada ya duka kamili, na imezidi kwa miezi mitatu mfululizo, si mwezi mmoja wa Krismasi, basi umefika wakati wa duka lako mwenyewe. Hapo linganisha Shopify na WooCommerce kwa swali moja: je, nina fundi wa kuaminika aliye karibu? Kama unaye, WooCommerce yaweza kukugharimu kidogo. Kama huna, afadhali ulipe ada ya mwezi kwa jukwaa linalojitengeneza lenyewe, kuliko duka lililofungwa wiki mbili likingoja fundi aliyesafiri. Kumbuka kwamba ada ya dola hupanda na kushuka pamoja na bei ya dola, ingawa asali yako inauzwa kwa shilingi.

Na yule mchuuzi wa pikipiki, usimfukuze. Usiache mbachao kwa msala upitao. Msimu ambao mtandao umezimika na wanunuzi wa mbali wamenyamaza, yeye atakuja na fedha mkononi. Mwuzie sehemu, na sehemu nyingine uweke kwa duka lako.

Sasa fungua daftari ukurasa mpya. Juu yake andika mambo matano: ninauza nini, kiasi gani kwa mwezi, mchuuzi hunilipa ngapi, mnunuzi wa mbali atanilipa ngapi, na gharama ni ngapi. Mtu akija tena kukuuzia duka la intaneti, mkaribishe, mpe chai, kisha mwekee ukurasa huo mezani na umwambie akuonyeshe faida yako iko mstari gani.